Wimbo wa Dawa Nusu

Wimbo ule bado unaimbwa hapa Koboko, mji wetu wa mpakani. Vijana wa boda wanaupiga kwenye simu zao pale stendi, wasichana wanauimba wakisubiri zamu ya maji, na kila unaposikika Mariam Poni huacha anachokifanya na kuingia ndani. Wasiomjua hudhani anaringa. Msanii mkubwa huyo, wanasema, wimbo wake mwenyewe hautaki. Mimi na yeye tunatenganishwa na ukuta mmoja tu, na mlango wake huwa wazi, kwa hiyo najua anaingia kufanya nini. Anakaa kitandani na kuziba masikio kwa viganja, mwanamke wa zaidi ya miaka sitini.

Mimi naitwa Kaltumu, fundi cherehani. Kiswahili hiki cha kuandika nilikiokota Kibera kwa wajomba zangu, Wanubi wenzetu wa kule, basi msinicheke mkiona hakifanani na cha hapa. Cha hapa kilikuja na jeshi na biashara. Sisi tunakitupatupa tu, na mtu anaelewa. Nguo zote za kikundi cha Mariam Poni nimezishona mimi. Sauti ya kuimba Mungu hakunipa, ila makofi napiga, na siku ile nilipiga. Kwa hiyo aibu ninayoieleza hapa si ya jirani peke yake.

Mariam Poni alizaliwa mtaa huuhuu, baba yake askari kama baba zetu wengi. Serikali ya wakati ule ilipoanguka, familia nzima ilivuka mpaka kwa miguu ikaingia Sudan, na akakulia ukimbizini. Huko wanawake wakubwa walimfundisha mambo mawili: kusuka vifuniko vya chakula vya ukindu wa rangi, na kuongoza doluka. Doluka ni ngoma yetu ya wanawake wa Kinubi. Mmoja anatunga na kuongoza, wengine wanaitikia wamejifunga vitenge, na arusi isiyokuwa nayo watu wanaisema wiki nzima.

Sasa mnielewe jambo moja, kwa sababu bila hilo hamtaelewa chochote. Katika doluka sifa tupu haikolei. Ukimsifu bibi arusi, lazima umchome kidogo yule aliyemtaka bwana arusi akamkosa. Ukimsifu mke mdogo, mke mkubwa asikae karibu. Watu wanasubiri hapo hapo penye kuchoma. Hapo ndipo vigelegele vinapopigwa. Anayechomwa ananuna, halafu arusi ijayo naye anakuja na mistari yake, na maisha yanaendelea. Mariam Poni alikuwa bingwa wa kuchoma. Alikuwa na ulimi mkali na alijua, na sisi tulimpenda kwa ulimi huo. Wanaume wenye wake wawili walikuwa wakimsalimia kwa adabu zaidi kuliko walivyomsalimia imamu.

Nyumbani kwake lakini hakuwa bingwa wa kitu. Binti yake wa pekee alifariki akamwachia mjukuu, Kadijah, ambaye sasa ana miaka tisa na ana ugonjwa wa damu ule wa kurithi. Ukimshika, mifupa inamuuma mpaka hawezi kulia, anabaki kuhema tu na kutazama dari. Kabla hajaanza dawa ilikuwa hivyo kila baada ya siku chache. Mariam Poni alikuwa akinigongea ukutani, nami naenda tunamkanda kwa maji ya moto, mimi miguu, yeye mikono. Yule mwanamke ambaye mtaa mzima unamwogopa alikuwa akimwomba mtoto msamaha, kana kwamba yeye ndiye aliyemuumiza.

Halafu Wamarekani wakaleta kliniki. Ilikuwa chumba kimoja nyuma ya kituo cha afya cha mtaa, chenye kabati, vitanda, na nesi mmoja wa mradi aliyeitwa Driciru, Mlugbara kutoka Ayivu upande wa Arua. Mwembamba, mpole wa kusema, mgumu wa kukata tamaa. Ukutani walibandika bango lililochapwa mbali, kwa Kiswahili cha vitabu, limeandikwa SELIMUNDU kwa herufi kubwa. Nilikuwepo siku wamama wafanyabiashara waliotoka Arua walipolisoma. Kiswahili cha vitabu kinasema mundu ni kile kisu kilichopinda cha kukatia majani, maana chembe za damu zinajipinda vile. Lakini kwa Kilugbara mundu ni mzungu.

"Kumbe hii ugonjwa iko ya mundu," mama mmoja alisema. "Basi mundu alete dawa. Si iko yake?"

Driciru alicheka mpaka akashika ukuta. Alieleza, akachora na picha ya damu, lakini neno lilikuwa limeshapita. Tangu siku hiyo mtaani ni ugonjwa ya mundu na dawa ya mundu, na hakuna bango litakalotubadilisha. Dawa yenyewe ilifanya kazi. Kadijah alianza shule, akakosa siku chache tu, akapata na mashavu.

Siku ya kufungua kliniki ile Mariam Poni aliimba. Aliwasifu Wamarekani kwamba dawa ya mundu ni nzima, haifanani na tochi ya Mchina ambayo asubuhi ni mpya, jioni imekufa. Tulicheka hadi machozi. Mkalimani wa wageni aliwatafsiria dawa akaruka tochi, na wageni nao wakacheka kwa kuona tunacheka. Mwenyekiti wa kamati ya mapokezi, Siraji, alimpa Mariam Poni mkono mbele ya watu wote.

Huyu Siraji sisi tunamwita waziri wa mambo ya nje. Ana duka la saruji na koti moja la buluu, na wageni wa aina yoyote wakija Koboko yeye ndiye anayepanga viti. Alikuwa ameshagundua jambo ambalo wakubwa wanaliita siasa ya dunia, yeye akaliona kama mambo ya wake wenza tu: mataifa mawili makubwa yanaoneana wivu, na mwenye akili anakaa katikati na kumwambia kila mmoja kuwa ni yeye peke yake. Wamarekani walipoweka kibao chao mbele ya kliniki, kwamba ni zawadi ya watu wa Amerika, Siraji alipiga picha akawaonyesha Wachina waliokuwa wakitengeneza barabara. Wachina walipoweka kibao cha barabara, chao kikawa kirefu zaidi, kwa maandishi yao na ya Kiingereza. Picha hiyo nayo ikaenda kwa Wamarekani. Mgeni wa Kichina akifika huuliza kwa mkalimani wale wengine wameleta vitanda vingapi. Wa Kimarekani akifika huuliza wale wengine walilala hoteli gani. Siraji alikuwa anajibu huku na huku, anafurahia kweli, na lazima niseme kwamba sote tulifurahia pamoja naye. Hatukuwahi kugombewa maishani mwetu. Ukigombewa unajisikia mzuri.

Kisha mwanzoni mwa mwaka ule Amerika ikafunga mkono. Mtaiambia nini? Amri ilitoka huko juu kabisa, ikashuka, ikafika mpaka kwenye chumba kile cha nyuma. Mradi umesimama, wafanyakazi waende nyumbani, kilichobaki kabatini kifungiwe mpaka kitakapochukuliwa. Hakuna aliyekuja kukichukua. Driciru alikaa na ufunguo.

Hakwenda nyumbani. Alibaki katika chumba chake cha kupanga, akawa anashona vitambaa vya mezani na kuviuza ili apate kula. Mimi ndiye niliyempa mabaki ya vitambaa. Kila Jumanne alifungua mlango wa nyuma, na kila mama mwenye mtoto mgonjwa alijua. Hakutoa dawa ya mwezi kama zamani, alitoa ya nusu mwezi, na kwa mtoto aliyekuwa na nafuu alirukisha siku, ili aliye na hali mbaya asikose. Hilo alilifikiria sana, kwa sababu alijua si sawa kitabibu na si sawa kisheria. Aliniambia mwenyewe, sindano ya kushonea ikiwa mkononi, kwamba usingizi umempotea.

Mariam Poni alipokwenda kumchukulia Kadijah dawa, Driciru alimshika mkono akamwambia, "Mama, unisamehe. Leo dawa iko nusu tu. Nusu-nusu, mpaka Mungu afungue."

Mariam Poni alinisimulia maneno hayo jioni ileile, akitikisa kichwa kwa huruma. Nusu-nusu. Aliyarudia mara mbili tatu. Nilimwona anayarudia, na mimi ni mtu niliyeishi naye miaka, nilipaswa kujua kwamba Mariam Poni akirudia neno namna ile analipima kwa ngoma.

Baada ya mvua Wachina walimaliza barabara ya soko na daraja lake, na siku ya ufunguzi ikapangwa. Siraji alikuja barazani kwetu na koti lake.

"Mama, safari hii iko kubwa," alimwambia Mariam Poni. "Mukubwa yao anatoka Kampala. Wewe piga doluka ya kweli. Hawa watu wakifurahi, wanajenga hospitali mzima hapa."

"Hospitali ya watoto?"

"Ya watoto, ya mama, ya kila mutu. Lakini wafurahi kwanza."

Hiyo ndiyo sababu, na ninaiweka hapa kwa sababu watu wanasema aliimba kwa kupenda sifa. Sifa alizipenda, sikatai. Lakini aliimba kwa ajili ya Kadijah. Nusu ya dawa ilikuwa inaisha, na mtoto alikuwa ameanza tena kushika magoti yake akidhani bibi haoni.

Siku ya ufunguzi tulijipanga kando ya daraja, nguo mpya, kijani na njano, nimezishona kwa wiki nzima. Ngoma ikaanza, naye akaingia katikati, akapandisha mkono.

"Mundu ya kwanza alileta dawa nusu," aliimba, "nusu kwa mama, nusu kwa mutoto, akafunga mulango akaenda. Mundu ya pili alileta barabara muzima, muzima mpaka Congo."

Na sisi tukaitikia, nusu-nusu, nusu-nusu, kwa mwondoko wa kiuno ambao sitauelezea. Umati ulilipuka. Ulikuwa wimbo mtamu, hata leo nikiwa peke yangu kwenye cherehani mguu unataka kuufuata, na nachukia mguu wangu. Mhandisi wa Kichina alipiga makofi nje ya mapigo. Mkubwa wao alitabasamu akauliza kitu, mkalimani akajibu kwa neno moja. Siraji alikuwa karibu kulia kwa furaha. Kila mwenye simu alikuwa ameiinua juu.

Driciru alikuwepo. Alisimama upande wa pili wa daraja na watoto wa kliniki aliokuwa amewaleta waone sherehe. Mimi nilimwona uso ukibadilika na nikaendelea kupiga makofi, nikajiambia amechoka na jua.

Keshoye watoto wa mtaa walikuwa wameshampa jina, Nesi Nusu. Akipita, mmoja anasema nusu, mwingine anajibu nusu. Hawakuwa na ubaya wowote. Wimbo ulisema dawa nusu, na katika mji mzima mtu anayejulikana kutoa dawa nusu ni mmoja tu. Mariam Poni alikuwa amerusha maneno kwa Amerika nzima, na kule alikorusha hakukufika kitu. Aliliona hilo mwenyewe siku aliyomsikia Kadijah akiimba akiosha vyombo, akasimama ghafla mlangoni.

"Nani amekufundisha kusema Nesi Nusu?" aliuliza.

"Wimbo yako, Haboba," mtoto alimjibu. Haboba ndiyo bibi kwetu.

Alikuja kwangu akakaa kwenye kigoda. Nilimwambia aende kwa Driciru siku hiyohiyo, amwambie haukuwa wimbo wake, ulikuwa wa Wamarekani. Alisema ataenda. Hakwenda. Alisema Jumanne, na Jumanne ilipofika alimtuma Kadijah peke yake na kifuniko cha ukindu, zawadi bila neno. Kifuniko kilipokelewa. Dawa ilitolewa, na mtoto alirudi nayo akasema nesi anamsalimia Haboba. Mariam Poni aliinama akaanza kufagia mahali ambapo palikuwa pameshafagiliwa.

Kisha zikaja habari kwamba Wamarekani wanarudi. Siraji alizileta mwenyewe, mbio, bila koti. Ujumbe unakuja kuangalia kliniki, kuna mazungumzo ya serikali na serikali, na kliniki huenda ikafunguliwa upya kabisa, na dawa nzima. Hawakuwa wanakuja kwa ajili ya Kadijah. Walikuwa wanakuja kwa sababu ya ile barabara, kwa sababu yule mwenzao amejenga na kibao chake ni kirefu. Siraji alijua, na sisi tulijua, na hatukujali. Mwenye njaa haulizi mpishi kakasirishwa na nani.

"Tatizo iko moja tu," Siraji alisema. "Ile wimbo. Kama wamesikia?"

"Wimbo ya Kiswahili watasikia wapi?" Mariam Poni alimwambia.

"Basi wewe geuza. Mundu ya kwanza amerudi, mundu ya pili barabara yake iko na mashimo. Wewe unajua kugeuza."

Aligeuza. Ilimchukua muda wa kupika chai. Alinijaribishia barazani, na nilimwambia ni nzuri, kwa sababu ilikuwa nzuri.

Siku hiyo walikuja katika magari meupe, mama mmoja Mmarekani mwenye nywele za mvi na wenzake, na kijana mkalimani kutoka Kampala mwenye viatu vya kung'aa. Viti vilipangwa mbele ya kliniki. Driciru aliitwa kwa kuwa ndiye aliyejua chumba. Alivaa sare yake ya zamani, ameipiga pasi. Nadhani alitumaini watamwajiri tena. Ni nani asingetumaini. Mama wa Kimarekani aliangalia vitanda, akaangalia kabati, akauliza mambo ya watoto, na Driciru alijibu kwa Kiingereza vizuri na kwa upole. Siraji alitutazama sisi wa doluka akatabasamu. Mambo yalikuwa yanakwenda.

Ndipo yule mama akasema jambo kwa mkalimani, akataka liulizwe kwa sauti ili kamati nzima isikie.

"Anasema wamesikia ndani ya wimbo mmoja, iliyokuja kwa simu mpaka Kampala," mkalimani alisema, "ati dawa hapa ilitolewa nusu-nusu wakati mradi imefungwa. Anasema dawa ile ilikuwa ya kufungiwa. Anauliza nani alitoa, na nani alimpa ruhusa."

Hakuuliza kwa hasira. Ningependa angekasirika. Wimbo haukuwa umemchoma hata kidogo. Mariam Poni alikuwa ameitukana nchi yake mbele ya mshindani wake, na yeye alichosikia ni taarifa. Aliusikiliza wimbo wetu kama mtu anayesikiliza shahidi mahakamani.

Siraji alitazama viatu vya mkalimani. Wamama wenye watoto walitazama chini, kila mmoja amekula dawa ile kwa kinywa cha mwanawe. Mimi nilimtazama Mariam Poni. Ilikuwa kazi yake kusema. Angesema tu kwamba ni doluka, mama, katika doluka tunachoma mtu ili mwingine asifiwe, hayo maneno si ushahidi, nimeyatunga mimi nikisaga unga. Siraji naye alimtazama, macho yake yanamwomba aseme hivyo. Midomo ya Mariam Poni ilifunguka. Mwanamke ambaye hajawahi kukosa mstari maishani mwake alisimama pale na tari mkononi, na hakutoa neno.

"Mimi ndiye nilitoa," Driciru alisema kwa Kiingereza, halafu akarudia kwa Kiswahili ili wamama wasikie. "Mimi peke yangu. Watoto walikuwa wengi, dawa ilikuwa kidogo. Hakuna mutu alinipa ruhusa."

Mkalimani alitafsiri mara ya pili bila haja. Yule mama alimshukuru kwa kusema ukweli, na nadhani alimshukuru kwa dhati, uso wake ulikuwa na huzuni kidogo. Akaagiza vijana wake watoe kabatini vilivyobaki wavipeleke kwenye gari, vikaangaliwe. Driciru aliutoa ufunguo mfukoni, akaukabidhi kwa mikono miwili.

Siraji hakuweza kungoja. Aliwapungia wapiga ngoma. Ngoma ikalia. Na Mariam Poni, Mungu amsamehe, Mungu anisamehe na mimi, aliimba. Aliimba mundu ya kwanza amerudi. Sisi tukajipanga mistari miwili kama tulivyofanya mazoezi, tukaitikia, na Driciru alilazimika kupita katikati yetu kutoka nje ya kiwanja, maana njia ilikuwa hiyo moja. Alipita akisema samahani, samahani, kwa kila aliyemsogelea. Nguo yangu ilimgusa begani.

Wamarekani waliahidi. Kliniki itafunguliwa mwaka ujao na wafanyakazi wapya, na kibao kipya, na Siraji tayari ameambiwa urefu wake. Kuhusu Driciru walisema kwa adabu kwamba hataweza kuwa miongoni mwao. Alifunga vitu vyake akarudi Ayivu kwa mama yake. Jumanne iliyofuata wamama walikuja kwenye mlango wa nyuma kwa mazoea, wakaketi kidogo, wakaondoka.

Maumivu ya Kadijah yalirudi yote kabla mwezi haujaisha. Nilisikia kugongwa ukutani mchana, nikaenda, tukamkanda. Mara hii mtoto alilia kwa sauti, na katikati ya kulia alimwita nesi kwa jina lake la kweli. Alipotulia, Mariam Poni alijifunga kitambaa kichwani.

"Twende Ayivu," aliniambia.

Tulimwacha Kadijah kwa dada yangu, tukapanda gari mpaka Arua na boda kuingia mashambani. Tulibeba sukari, sabuni na kitenge kipya. Njia nzima Mariam Poni alikuwa akisogeza midomo, na nilifikiri anaomba dua, kumbe anapanga maneno. Alitaka kuomba msamaha kwa ufasaha. Hata msamaha alitaka utoke vizuri.

Tulimkuta Driciru uani anaanika mihogo. Alinyanyuka, akafuta mikono kwenye sketi, akatupokea mizigo. Alituwekea viti, mama yake akaleta chai, tukaulizana habari za mvua na za njia. Hakukuwa na ukali wowote usoni mwake, na hilo lilimtesa Mariam Poni kuliko kama tungefukuzwa. Mwishowe aliteremka kitini akapiga magoti chini kwenye vumbi la mihogo, mtu mzima mbele ya mtu wa umri wa binti yake.

"Mimi nimekuharibu," alisema. Yale mengine yote aliyoyapanga hayakutoka. "Mdomo yangu imekuharibu. Ile siku nilinyamaza, halafu nikaimba."

Driciru alimwinua haraka, kwa aibu ya kuona mkubwa chini. "Hapana, Mama. Inuka. Imepita." Kisha akauliza, "Kadijah anaendelea namna gani?"

Mariam Poni alinigeukia. Nilieleza mimi: magoti, mgongo, homa ya mchana. Driciru alisikiliza amekunja uso, akawa tena yule nesi wa chumba cha nyuma. Alituambia maji mengi, asikae kwenye baridi, homa ikizidi tusingoje, tumpeleke hospitali ya Kuluva siku hiyohiyo. Halafu alisogeza kiti karibu, akashusha sauti ingawa pale uani tulikuwa wenyewe.

"Iko dada moja, nilisoma na yeye," alisema. "Iko na duka ya dawa karibu na Ediofe, pale Arua. Dawa ya Kadijah anaipata, kidogo-kidogo, hauzi kwa kila mutu. Mukifika, semeni mimi nimewatuma." Akatutajia jina lake na rangi ya mlango.

Mariam Poni alikuwa analia sasa bila kujificha. Alimshika mkono Driciru akaubusu, akamwambia Mungu atamlipa. Driciru aliuacha mkono wake pale. Alingoja mpaka kilio kipungue, akamtazama kwa upole uleule aliokuwa nao siku zote.

"Mama, tafadhali," alisema. "Jina ya yule dada, usitie ndani ya wimbo."

Hakusema kwa kejeli. Alikuwa anaomba kweli, na alikuwa anaogopa. Mariam Poni alijibu kwamba hatalitia.